Bildad Kaggia: Mzee wa Kapenguria aliyegoma kujigawia mashamba

Hebu cheki hii scene. Ni 1965, mkutano wa hadhara Kandara, Murang'a. Rais Jomo Kenyatta anaongea, na mbunge wa hapo, Bildad Kaggia, ako palepale anaskiza. Mzee anamchana mbele ya watu wake: tulifungwa pamoja, wenzako wana mashamba, manyumba na mabasi, sasa wewe umejifanyia nini?

Swali lilikuwa la kumwaibisha. Na kusema ukweli, Kaggia hakuwa na kitu ya kuonyesha.

Huyu hakuwa mtu wa kulala. Vita vya Pili vya Dunia alikuwa jeshi la Mwingereza, likampeleka hadi Mashariki ya Kati na Uingereza. Kurudi Nairobi akaingia vyama vya wafanyakazi. Oktoba 1952 wakoloni wakamnyaka, akawa mmoja wa wale sita wa Kapenguria. 1953 wakapigwa miaka 7 na kazi ngumu, wakatupwa Lokitaung, huko Turkana kwa jua kali.

Uhuru kufika 1963, akaingia Mjengo, akapewa na wadhifa kwa wizara ya elimu. Hapo ndipo wasee wengi hupoa, wanaanza kula. Kaggia akaendelea na story ileile: mashamba yaliyotoka kwa wazungu yasiuziwe watu kwa mkopo, wapewe bure wasio na ardhi na wale walipigana msituni. Watu walikuwa wamemwaga damu juu ya huo udongo, sasa wanaitishwa pesa?

Gava ikachoka naye. 1964 akaambiwa achague: aunge serikali mkono ama atoke. Akatoka.

1966 akaingia KPU na Jaramogi Oginga Odinga, na mwaka huohuo kiti kikaenda. 1968 akarudi jela, safari hii ya serikali ya watu aliofungwa nao. Hiyo hunichoma kila nikiikumbuka. 1969 alirudi KANU, na kuna wenye humlaumu hadi leo. Mimi siwezi. Ashafungwa na mkoloni, akafungwa na wake, unataka afanyweje tena?

Miaka ya baadaye riziki yake ilikuwa posho mill. Jina liko kwa vitabu vya historia, mwenyewe ako kwa mashine anasagia watu mahindi. Alifariki Machi 2005.