Maisha ya Bibi Mwana Kupona binti Mshamu

Marehemu Bibi Mwana Kupona alizaliwa katika kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, yapata mwaka 1810. Aliolewa na Bwana Mataka, Sheikh wa Siyu, aliyepigana na Seyyid Said wa Unguja miaka mingi kwa kukataa kutawaliwa. Nyumba yake, basi, ilijua heshima, ikajua na hofu ya vita.

Mwaka 1856 Bwana Mataka alifariki, akamwachia mjane wake watoto wawili. Mwaka 1858, hali maradhi yamemlemea, Bibi huyo alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa beti zipatazo 100. Hakusimulia vita wala enzi ya mumewe. Alimwusia mwanawe dini, adabu, unyumba na kuwasaidia wahitaji, kisha akamwomba Mola afya yake na hifadhi ya wanawe. Kwani mama anayehofu kumwacha binti yake bila wazazi hana urithi wa kudumu ila nasaha.

Alifariki yapata mwaka 1860. Wasia wa binti mmoja ukawa wasia wa mabinti wa pwani nzima. Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.