John Garand: Fundi wa bunduki ya mamilioni aliyeambulia mshahara

MIONGONI mwa watu waliobadilisha sura ya vita bila wao wenyewe kukanyaga uwanja wa mapigano, jina la John Cantius Garand halikosi kutajwa. Ndiye aliyebuni M1, bunduki ambayo wakusanyaji wa silaha za kale nchini Marekani huisaka kwa udi na uvumba.

Garand alizaliwa Januari 1, 1888, karibu na mji wa Saint-Rémi, Quebec, Kanada, katika familia kubwa ya wazungumzaji wa Kifaransa. Mamake aliaga dunia yeye akiwa mtoto, na baba akaihamishia jamaa yake jimbo la Connecticut, Marekani.

Huko, mvulana huyo aliajiriwa kufagia sakafu katika kiwanda cha nguo. Masomo yake yalikatika mapema, lakini mashine zikawa mwalimu wake. Hatimaye alihitimu kuwa fundi wa mitambo na kufanya kazi katika kiwanda cha zana mjini Providence. Burudani yake ilikuwa kulenga shabaha.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokuwa vikiendelea, alibuni bunduki ya rashasha. Vita vilikwisha kabla haijatumika, ila ustadi wake ulikuwa umeonekana. Mnamo 1919 aliajiriwa katika kiwanda cha silaha cha serikali mjini Springfield, Massachusetts, na mwaka uliofuata akapata uraia wa Marekani.

Kazi aliyokabidhiwa haikuwa rahisi. Bunduki za zama hizo zilimlazimu askari kuvuta komeo kwa mkono kila baada ya kufyatua risasi. Garand alitakiwa kuunda bunduki inayojipakia yenyewe, nyepesi ya kubebwa na isiyokwama kwa matope.

Baada ya majaribio mengi, aliteka sehemu ndogo ya gesi ya baruti karibu na mdomo wa mtutu. Gesi hiyo husukuma ufito wa chuma, nao hufungua komeo, hutupa ganda lililotumika na kuruhusu risasi nyingine iingie.

Mpinzani wake mkuu, John Pedersen, alipendekeza risasi nyembamba zaidi. Hata hivyo, mnamo 1932 Mkuu wa Jeshi, Jenerali Douglas MacArthur, aliamua kwamba risasi ya zamani iendelee kutumika. Uamuzi huo ulimfungulia Garand njia, na mnamo 1936 jeshi likaidhinisha M1, iliyobeba risasi nane.

Katika Vita Vikuu vya Pili, Marekani ilikuwa imewapa wanajeshi wake wa miguu silaha hiyo kwa wingi. Wakati huo, vijana wa Afrika Mashariki waliopelekwa Burma na King's African Rifles walikuwa bado wakivuta komeo kwa mkono.

Bunduki zaidi ya milioni tano ziliundwa. Miongoni mwa waliozitengeneza katika miaka ya 1950 ni International Harvester, kampuni iliyojulikana zaidi kwa matrekta.

Je, mbunifu alipata nini? Kwa kuwa alikuwa mwajiriwa wa umma, haki za uvumbuzi wake ziliendea serikali. Mswada wa kumtunuku Dola 100,000 uliwasilishwa katika Bunge la Marekani lakini haukupita. Aliambulia mshahara na nishani, ikiwemo ile ya mwaka wa 1944. Alistaafu mnamo 1953 na kufariki Springfield Februari 16, 1974, akiwa na umri wa miaka 86.

Leo kazi yake imo mikononi mwa wakusanyaji. Wanaowania adimu hutafuta zile takriban 50,000 za mwanzo, zilizoteka gesi kwenye ncha ya mtutu. Mfumo huo ulibadilishwa karibu na 1940, na nyingi kati ya bunduki hizo zikarudishwa kiwandani kurekebishwa. Aidha, karakana za jeshi zilizichanganya sehemu za bunduki mbalimbali, hivyo mnunuzi makini hukagua nambari na alama za kila kipande.

Utunzaji nao una masharti. Risasi za wakati wa vita huacha chumvi inayokula chuma, kwa hivyo mtutu husafishwa kwa maji kabla ya kupakwa mafuta. Sehemu zinazosuguana hupakwa grisi, lakini silinda ya gesi huachwa kavu. Nazo risasi za kisasa zenye msukumo mkubwa zaidi huweza kuupinda ule ufito. Isitoshe, asiye mwangalifu anapoijaza hubanwa kidole gumba na komeo.

Kiwanda cha Springfield kilifungwa mnamo 1968, na sasa ni makavazi. Juu ya chuma cha kila M1 kulichorwa jina la silaha na la kiwanda. La fundi halikuwekwa. Hata hivyo, kote zinakokusanywa, watu huziita Garand.