Walter Johnson: Gwiji aliyesubiri fainali kwa misimu 18

KWA miaka mingi jiji la Washington lilijivunia mrushaji mpira hodari kuliko wote katika besiboli ya Marekani, ila timu yenyewe ilikuwa hoi. Huo ndio mzigo aliobeba Walter Johnson.

Alizaliwa Novemba 6, 1887 katika shamba karibu na Humboldt, jimbo la Kansas. Alikuwa na umri wa miaka 19 tu Washington walipomtoa kwenye timu ya mji mdogo wa Weiser, Idaho, mwaka wa 1907. Msimu huo walivuta mkia, na mnamo 1909 wakavuta mkia tena.

Mkono wake ulikuwa mrefu na aliurusha mpira kutokea ubavuni kwa kasi iliyowatia wapigaji kiwewe. Hata hivyo, alikuwa mpole kupindukia. Aliogopa kumjeruhi mtu, na wajanja walitumia huruma hiyo kumsogelea. Mnamo 1913 alishinda mechi 36, lakini Washington iliambulia nafasi ya pili. Wakati huo hapakuwa na michujo. Aliyeongoza ligi ndiye aliyeingia fainali, wengine wakarudi nyumbani.

Hatimaye, mwaka wa 1924, Johnson akiwa na umri wa miaka 36 na habari za kustaafu zikivuma, Washington iliipiku Yankees ya Babe Ruth, mabingwa watetezi, na kutwaa ligi kwa mara ya kwanza.

Fainali dhidi ya New York Giants ilikaribia kuwa fedheha kwake. Alishindwa katika mechi ya kwanza 4-3, akashindwa tena katika ya tano 6-2. Wenzake ndio waliosawazisha na kulazimisha mechi ya saba, Oktoba 10, Rais Calvin Coolidge akiwa miongoni mwa watazamaji.

Matokeo yakiwa 3-3, kocha Bucky Harris alimwita Johnson katika kipindi cha tisa, siku mbili tu baada ya kichapo cha pili. Alizuia vipindi vinne bila kufungwa. Katika kipindi cha 12, mdakaji wa Giants, Hank Gowdy, alikanyaga kinga yake ya uso aliyokuwa ameitupa chini, mpira ukamponyoka. Muddy Ruel, aliyenusurika hivyo, akapiga na kufika kituo cha pili. Kisha mpira wa Earl McNeely ukadunda ardhini na kuruka juu ya kichwa cha Fred Lindstrom, kijana wa miaka 18. Ruel akatimua mbio hadi nyumbani. Washington 4, Giants 3.

Mwaka uliofuata walirudi fainali, lakini Johnson alilemewa na Pittsburgh katika mechi ya saba iliyochezwa mvuani. Alistaafu kucheza 1927 akiwa na ushindi 417, kisha akawa kocha. Mnamo 1936 alikuwa mmoja wa wachezaji watano wa kwanza kuteuliwa kuingia Jumba la Mashujaa wa besiboli.

Alifariki Desemba 10, 1946 kutokana na uvimbe kwenye ubongo. Timu yake ilihamia Minnesota kabla ya msimu wa 1961, na Washington haikupata ubingwa mwingine hadi 2019, kupitia klabu tofauti, Nationals.