Muindi Mbingu: Mwana wa Ukambani aliyesimama kwa michango ya wafugaji

WENGI wapitao kando ya Soko la City jijini Nairobi hulitaja jina la Muindi Mbingu kila siku bila kujua alikuwa nani. Barabara hiyo, iliyoitwa Stewart enzi za ukoloni, ilipewa jina la mtu ambaye mnamo 1938 aliitia serikali ya Mwingereza kiwewe bila silaha wala tajiri wa kumfadhili.

Samuel Muindi Mbingu alitokea Ngelani, Machakos. Wakati huo wilaya ya Machakos ilikuwa pana mno. Vilima vya Mbooni na Kilungu, pamoja na nchi yote ambayo tangu 1992 ni Makueni, vilihesabiwa humo. Ng'ambo ya mto Athi ilikuwapo Kitui, wilaya ya pekee yake, ambayo wafugaji wake walikuwa na kila sababu ya kufuatilia yaliyowapata jirani zao.

Wataalamu wa serikali walikuwa wamesema kwamba udongo wa Machakos ulikuwa ukimomonyoka kwa wingi wa mifugo. Dawa yao ilikuwa kuwalazimisha Wakamba kuuza ng'ombe. Kwa bahati ya ajabu, kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilikuwa kikianza kazi Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wa bei nafuu. Kuhusu ardhi ambayo walowezi walikuwa wameichukua, na iliyosababisha msongamano huo, wataalamu hawakuwa na mengi ya kusema.

Ng'ombe walipokamatwa na kunadiwa, Muindi na wenzake, miongoni mwao Elijah Kavulu na Isaac Mwalozi, waliongoza chama cha Ukamba Members Association. Chama hicho hakikuwa na hazina ila mifuko ya wanachama wake. Kupeleka malalamiko hadi London kulihitaji fedha, na fedha hizo zilitoka kwa watu waliokuwa pia wakidaiwa kodi ya kichwa. Mfugaji aliyekwisha kutoa senti zake hakuwa tena mtazamaji. Shauri lilikuwa lake.

Mwishoni mwa Julai 1938, zaidi ya watu 1,500, wanaume kwa wanawake na watoto, walifunga safari hadi Nairobi kumtaka Gavana, Sir Robert Brooke-Popham, awasikilize. Walipiga kambi Kariokor kwa majuma kadhaa. Umati wa namna hiyo haukai mjini kwa hotuba pekee, lazima ule. Mbunge wa Kihindi, Isher Dass, aliwaunga mkono, lakini mzigo mkubwa uliwaangukia Wakamba wenyewe.

Gavana alilazimika kwenda Machakos mwezi Agosti kufanya baraza. Serikali ilikuwa na hofu nyingine pia: Wakamba walikuwa wengi katika jeshi la KAR na polisi, na askari hao walikuwa na ng'ombe nyumbani.

Muindi alikamatwa, akahamishiwa Lamu, mbali na kwao. Aliyetoa amri hiyo pengine alidhani chama kingekufa kwa kukosa kichwa. Haikuwa hivyo. Wafugaji hawakuanza kuuza, na kabla ya mwaka kwisha serikali iliachana na mpango wa kuwalazimisha. Chama chenyewe kilipigwa marufuku Mei 1940, vita vikiwa kisingizio, pamoja na kile cha Wakikuyu, KCA, na kile cha Wataita.

Siku hizi mwanasiasa asiye na fedha huomba mchango kwa simu na intaneti. Boniface Mwangi alifanya hivyo alipowania kiti cha Starehe mwaka wa 2017. Akashindwa, lakini hesabu ni ile ile ya Kariokor: wengi, kila mmoja kidogo. Tofauti ni kwamba mchangiaji wa Muindi alijulikana kwa chifu wa kijiji chake, na angeweza kuadhibiwa.

Muindi aliachiliwa baada ya vita, lakini hakuishi kuiona bendera ya uhuru mwaka wa 1963. Serikali nayo iligeukia njia nyingine ya kupunguza msongamano: ilifyeka vichaka vya mbung'o huko Makueni na kuwapa familia mashamba mapya. Waliohamia huko waliwekewa masharti, mojawapo likiwa idadi ya mifugo waliyoruhusiwa kufuga.