Sayyid Ali bin Hamud: Kijana Aliyerithi Kiti Bila ya Amri

Mto wetu wa Tana ukisha kupita Garsen huteremka mpaka baharini karibu na Kipini. Hapo Kipini ndipo ulipokuwa mwisho wa ukanda wa maili 10 aliobakishiwa Sultani wa Unguja katika bara, Waingereza na Wajerumani walipoikata pwani hii mwaka 1886. Kaskazini yake aliachiwa visiwa vya Lamu na bandari chache za Banadir.

Milki hiyo ilikuwa kubwa. Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856 aliacha dola iliyoshika Oman na pwani yetu pamoja. Wanawe wakagombana, na Oman ikatengana na Unguja. Mwaka 1890 Unguja ikaingia katika himaya ya Waingereza, na mwaka 1895 ukanda wetu ukakodishwa kwao. Sayyid Khalid bin Barghash alipokalia kiti bila ya idhini yao mwaka 1896, jumba lilipigwa mizinga tarehe 27 Agosti kwa muda usiotimia saa moja, na Sayyid Hamud bin Muhammad akatawazwa badala yake.

Sayyid Ali, mwana wa Hamud, alizaliwa mwaka 1884. Alikuwa na umri wa miaka 12 baba yake alipopewa kiti kwa namna hiyo, na bila ya shaka aliona nani mwenye kutoa na nani mwenye kunyima. Kisha akapelekwa Uingereza kusoma katika skuli ya Harrow, mbali na watu ambao siku moja angewatawala.

Julai 1902 baba yake alifariki, naye akatawazwa akiwa na miaka 18. Kwa sheria yetu mtu wa umri huo amekwisha kubaleghe zamani, na linalobaki kutazamwa ni busara yake. Lakini alipimwa kwa kipimo cha Waingereza, ambao kwao mtu wakati huo hakuwa mzima mpaka atimize miaka 21. Basi akawekewa msimamizi, Bwana A. S. Rogers, aliyepata kuwa mtawala wa Kiingereza huku kwetu upande wa Lamu. Mkono wa Rogers ndio uliotawala, na jina likawa la Ali. Mapema mwaka 1905, kabla ya usimamizi huo kwisha, bandari za Banadir ziliuzwa kwa Wataliana kwa pauni 144,000. Mwenye mali alihesabiwa mtoto, na mali yake ikauzwa.

Mwaka huohuo alipotimiza miaka 21 alikabidhiwa utawala, lakini Waziri wake Mkuu akabaki kuwa Mwingereza, na neno la mwisho lilikuwa la Balozi. Afya yake ilikuwa dhaifu, na safari zake za Ulaya zikawa nyingi. Desemba 1911, akiwa hukohuko Ulaya, alijiuzulu. Kiti kikashikwa na shemeji yake, Sayyid Khalifa bin Harub, aliyetawala mpaka mwaka 1960. Sayyid Ali hakurudi katika ufalme. Alifariki Paris mwezi wa Desemba 1918, umri wake miaka 34.

Wako wanaomlaumu kuwa alikiacha kiti cha wazee wake. Lakini tuwe waadilifu katika kuhukumu. Milki hakuipoteza yeye. Wakubwa waligombana, wakaweka saini, wakakodisha, kisha wakamwachia kijana bendera. Bendera hiyo nyekundu iliendelea kupepea katika pwani hii mpaka mwaka 1963, na chini yake amri ilikuwa ya wengine.

Ndugu msomaji, sisi nasi tuna wana, na tuna mashamba, misikiti na wakfu za kuwarithisha. Kumpeleka mtoto mbali kutafuta elimu si kosa. Kosa ni kumrithisha jina la kitu ambacho sisi wenyewe tumekwisha kukitoa mikononi, kisha tukamlaumu kwa kushindwa kukishika.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sayyid Ali, na atusamehe sisi.