Hadithi Hutoka Wapi? Maisha ya Marehemu Shaaban Robert kwa Mwalimu wa Insha

Miongoni mwa masomo yanayowatia hofu wanachuo wetu waendapo mazoezi ya kufundisha, somo la insha halikosi. Mwanachuo huandika kichwa cha habari ubaoni, hueleza utangulizi, kiini na hitimisho, kisha huwaambia watoto waandike. Watoto huinamia madaftari, na baada ya nusu saa wengi wao huwa wamenakili kichwa kile kile tu na kukipigia mstari. Mwalimu naye huamua kwamba watoto hawa hawana mawazo.

Sisi nasi tulipata kuamua hivyo. Tulipokuwa tungali wanachuo, tulifundisha darasa la sita katika shule moja huko Mutuka, mjini Babati. Tuliwapa watoto insha ya siku moja ufukweni mwa bahari, kwa kuwa ndicho kichwa tulichokuwa tumepewa sisi wenyewe utotoni. Hakuna hata mtoto mmoja katika darasa lile aliyekuwa ameiona bahari. Mvulana mmoja aliiacha bahari, akaandika kurasa mbili juu ya viboko waliotoka usiku katika Ziwa Babati na kulifyeka shamba la mahindi la bibi yake, na jinsi bibi yule alivyokesha akipiga debe. Tulimkata alama nyingi, tukaandika kwa wino mwekundu kwamba ametoka nje ya kichwa. Tangu siku ile mtoto yule aliandika mistari mitano tu kila tulipotoa insha. Kosa hilo ndilo lililotusukuma kuyasoma upya maisha ya marehemu Shaaban Robert, tukitafuta jawabu la swali moja: mtunzi wa hadithi huyapata wapi mambo anayoyasimulia?

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini ya mji wa Tanga. Wazee wake walikuwa wa asili ya Kiyao, lakini yeye alikua katika Kiswahili na kujihesabu Mswahili. Alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, akamaliza akiwa wa pili miongoni mwa wanafunzi 11 waliopata cheti. Elimu yake ya darasani iliishia hapo. Hakusoma chuo kikuu, wala hakufundishwa na mtu yeyote namna ya kutunga riwaya. Twawaomba wanachuo walikumbuke jambo hili, maana wako wanaodhani kwamba utunzi ni mali ya wasomi wakubwa peke yao.

Mwaka 1926 aliajiriwa na serikali ya kikoloni kuwa karani katika Idara ya Forodha, akatumika Pangani na mahali pengine hadi mwaka 1944. Kisha alihamishiwa idara ya wanyama huko Mpwapwa, mbali na bahari aliyoizoea. Mwaka 1946 alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya utawala, na kuanzia mwaka 1952 hadi 1960 alikuwa katika ofisi ya upimaji ardhi. Kwa muda wa zaidi ya miaka 30, basi, mtunzi huyu alikuwa mtu wa meza, kalamu na majalada. Aliamka asubuhi kwenda kazini kama makarani wenziwe, na mashairi yake yaliwafikia watu kwa njia ya magazeti, hasa Mambo Leo. Kazi ya ukarani haikumnyima mambo ya kuandika. Karani wa Kiafrika wa siku zile alikaa mahali ambapo amri ya mtawala hukutana na shida ya mtawaliwa, akaziona pande zote mbili kila siku.

Chemchemi ya kwanza ya maandishi yake ilikuwa nyumba yake mwenyewe. Alimwoa Amina, akaishi naye miaka kama kumi, kisha mauti yakamchukua na kumwachia watoto. Msiba huo aliutungia shairi ambalo wasomaji wa Kiswahili wanalikumbuka hata leo. Watoto nao aliwatungia: binti yake alipata Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume alipata Utenzi wa Adili. Tendi hizo mbili ni nasaha za mzazi kwa watoto wake mwenyewe, lakini vizazi vingi vya wanafunzi vimezisoma kana kwamba viliandikiwa wao. Kadhalika alieleza safari zake, uhamisho wake na mashaka ya maisha ya kazini katika Maisha Yangu, kitabu kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1949. Mambo hayo yalikuwa ya kawaida. Kila mtumishi wa serikali alihamishwa, na kila nyumba hufiwa. Tofauti ni kwamba yeye aliyaona kuwa yanastahili kuandikwa.

Chemchemi ya pili ilikuwa hadithi za watu wengine. Katika mkusanyo mashuhuri wa Alfu Lela Ulela imo hadithi ya Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra, ambaye kila usiku aliwachapa mbwa wawili, nao walikuwa ndugu zake waliogeuzwa kwa sababu ya uovu wao. Shaaban Robert aliichukua mifupa ya hadithi hiyo na kuivika nyama mpya katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952. Mbwa wakawa manyani. Khalifa Harun Rashid akawa mfalme Rai. Liwali akaitwa Adili, na nduguze wakaitwa Hasidi na Mwivu, hata msomaji mdogo akaweza kutambua tabia ya kila mmoja kwa kusikia jina lake. Kuazima hadithi si wizi iwapo mwazimaji ameongeza jambo lake. Watunzi wakubwa wa dunia wamefanya hivyo. Shakespeare wa Uingereza alijenga michezo yake mingi juu ya visa vilivyokwisha kusimuliwa na wengine.

Chemchemi ya tatu ilikuwa dhuluma ambayo hakuweza kuitaja kwa jina. Kusadikika kilichapwa mwaka 1951, wakati Tanganyika ilipokuwa nchi ya udhamini chini ya utawala wa Mwingereza. Mtumishi wa serikali angeandika waziwazi kwamba mashtaka hayasikilizwi na wenye mawazo mapya wanafungwa, asingalibaki kazini. Shaaban Robert aliibuni nchi inayoelea angani, akamsimamisha Karama mahakamani kwa kosa la kueneza elimu ya sheria. Karama alijitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita kutafuta mema kwa nchi yao, ambao waliporudi walilipwa kifungo. Wachambuzi wengi wameiona Tanganyika ya ukoloni katika nchi ile ya hewani. Hapa twajifunza kwamba nchi ya kubuni haitoki katika hewa tupu. Mtunzi aliyeiweka mawinguni alikuwa ameyaona mambo yake hapa chini, penye mavumbi.

Mwaka 1946 alikuwa amekwisha kuandika Kufikirika, ingawa kilichapwa mwaka 1967, naye akiwa amekwisha kufariki. Mfalme wa nchi hiyo alikosa mtoto, akatafuta dawa kwa waganga wa kila namna. Na baada ya mtoto kupatikana, suala la jinsi apasavyo kufundishwa likawa zito. Twawashauri wanachuo wakisome kitabu hiki kwa jicho la ualimu, maana mtunzi wake, ingawa hakuwa mwalimu wa darasani, alilifikiria sana jambo la malezi.

Chemchemi ya nne ilikuwa masikio. Huko Unguja aliishi Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa wafinyanzi, aliyekuwa akiuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji mashuhuri wa taarabu. Shaaban Robert alimwendea, akamsikiliza akieleza maisha yake. Siti alifariki mwaka 1950, na wasifu wake ukatokea mwaka 1958. Laiti mtunzi angalingoja nafasi bora zaidi, mengi ya maisha yale yangalizikwa pamoja na mwenyewe. Vivyo hivyo, Vita Kuu ya Pili ya mwaka 1939 hadi 1945 hakuipigana, lakini alizikusanya habari zake zilizomfikia, akatunga utenzi mrefu mno wa Vita vya Uhuru.

Chemchemi ya tano ilikuwa tamaa. Katika Utubora Mkulima, kilichotoka mwaka 1968, mtu aliyekuwa na kazi ya ofisi mjini anaiacha, akaenda shamba kulima na kuishi kwa jasho lake. Tukikumbuka kwamba aliyeandika habari hiyo alikaa ofisini sehemu kubwa ya umri wake, twaweza kuhisi kwamba alimpa Utubora njia ambayo yeye mwenyewe hakuifuata. Mara nyingine hadithi huchipuka katika jambo ambalo mtu hakulipata.

Shaaban Robert alifariki Tanga mwezi Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, miezi sita tu baada ya Tanganyika kupata uhuru. Vitabu vyake kadhaa vilikuwa bado havijachapwa.

Je, maisha haya yanamfaa nini mwanachuo atakayesimama mbele ya darasa la sita wiki ijayo? Kwanza, asitoe kichwa cha insha kabla ya kujua watoto wameona nini. Atenge kipindi kizima cha mazungumzo, aulize nani amepata kuhama, nani amepotelewa na mnyama, nani ana babu anayesimulia. Pili, awatume watoto kwa wazee wa nyumbani wakasikilize kisa kimoja, waje nacho darasani. Wagorowa, Wairaqw, Warangi na Wabarbaig wanaishi pamoja Babati, na kila kabila lina ngano zake. Tatu, achukue ngano inayojulikana na wote, awaelekeze watoto wabadili wahusika, majina na mahali, kama vile mbwa wa Basra walivyogeuka manyani. Nne, mtoto akiwa na jambo linalomwumiza ambalo haoni njia ya kulisema, aruhusiwe kulitia katika nchi ya kubuni. Kanuni za herufi kubwa, nukta na aya zitafundishwa baadaye juu ya kazi hiyo hiyo, maana zitakuwa na kitu cha kutengeneza.

Mvulana wa Mutuka alikuwa ameyafanya yote ambayo sasa twawashauri wengine. Aliona kwa macho yake, akachagua, akasimulia kwa mpango, na bibi yake akapiga debe hadi sisi wenyewe tukaisikia sauti yake. Wajibu wetu ulikuwa kumwomba asome mbele ya wenziwe, kisha tumwulize viboko wale walikwenda wapi kulipopambazuka. Badala yake tulichukua kalamu nyekundu. Mwanachuo akumbukapo somo la insha, na amkumbuke mtoto huyo kabla hajaandika chochote ubaoni.