Tabibu wa Namirembe: Maisha ya Albert Cook

Mwanachuo aliyewahi kupita Kikuubo, kile kichochoro cha biashara ya jumla katikati ya jiji la Kampala, anajua jinsi ilivyo vigumu kusimama pale. Wachukuzi hupita na magunia ya sukari na makatoni ya sabuni, wakiomba njia kwa sauti. Wanunuzi kutoka Sudan Kusini, Rwanda na mashariki mwa Kongo hupatana bei na wenye maduka. Na pale Kiganda kinapogota, Kiswahili hushika zamu. Ukitoka katika msongamano huo na kuinua macho upande wa magharibi, utakiona kilima cha Namirembe na kanisa lake kuu. Kwenye mteremko wa kilima hicho ipo Hospitali ya Mengo. Katika kifungu hiki tunasimulia maisha ya mwanzilishi wa hospitali hiyo, Daktari Albert Ruskin Cook. Tumemchagua kwa kuwa kazi yake ilisimama juu ya mambo matatu ambayo mwalimu naye hana budi kuyafanya kila siku: kutazama kwa makini, kuandika kile alichokiona, na kufundisha wengine. Tumemchagua pia kwa kuwa alikosea, na makosa yake yana mafunzo kama yalivyo mafanikio yake.

Cook alizaliwa mwaka 1870 huko Hampstead, London. Alisoma katika Chuo cha Trinity, Cambridge, kisha akajifunza utabibu katika hospitali ya St Bartholomew's mjini London. Angeweza kubaki kwao na kuishi maisha ya raha, lakini mwaka 1896 alijiunga na msafara wa wamisionari wa Kianglikana uliokuwa ukielekea Buganda. Reli ya kutoka Mombasa ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kujengwa. Kwa hiyo safari ilikuwa ya miguu, na mizigo ilibebwa na wapagazi. Miongoni mwa wasafiri alikuwamo muuguzi aliyeitwa Katharine Timpson. Walifika Mengo mwezi Februari 1897, na mara Cook akaanza kutibu wagonjwa. Mwaka 1899 ndugu yake, Jack Cook, ambaye naye alikuwa daktari, alimfuata. Mwaka 1900 Albert na Katharine walifunga ndoa.

Majengo ya kwanza ya hospitali yalikuwa ya matete na nyasi. Mwaka 1902 radi iliipiga hospitali, ikawaka na kuteketea. Kazi haikukoma, wagonjwa waliendelea kutibiwa, na hospitali nyingine ikajengwa. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linatuonyesha hali ya utabibu wa wakati huo: kila kilichopatikana kwa jasho kiliweza kupotea kwa usiku mmoja.

Hata hivyo, moto haukuwa msiba mkubwa kuliko yote. Mwaka 1901 ndugu hao wawili walianza kupokea wagonjwa wenye dalili zisizokuwa za kawaida. Mgonjwa alipata homa, akakonda, akapoteza nguvu, kisha akashikwa na usingizi usiomwachia hata chakula kilipokuwa mbele yake. Waganda waliuita ugonjwa huo mongoota. Sisi katika Kiswahili huuita malale. Cook na nduguye walikuwa wa kwanza kuutambua ugonjwa huo kitabibu nchini Uganda, na hawakukawia kutoa taarifa.

Walichukua damu ya wagonjwa, wakaitazama kwa hadubini, wakaona minyoo midogo sana ya jamii ya filaria. Wakati huo Patrick Manson, bingwa wa magonjwa ya nchi za joto, alikuwa amekwisha kutoa rai kwamba minyoo hiyo huenda ndiyo inayoleta malale. Ushahidi wa Mengo ulionekana kuiunga mkono rai hiyo. Lakini kitu kuwapo mahali pa uhalifu si thibitisho kwamba ndicho kilichotenda uhalifu. Tume ya wataalamu iliyoletwa mwaka 1902 ililinganisha mahali palipokuwa na minyoo na mahali palipokuwa na malale, ikagundua kwamba havikwenda pamoja. Mmoja wa wataalamu hao, Aldo Castellani, aliona vimelea vya tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Mwaka 1903 David Bruce na wenzake walionyesha kwamba vimelea hivyo huenezwa na mbung'o waishio kando ya maji. Minyoo ya filaria iliachwa huru, na dhana ya awali ikawekwa kando.

Maarifa hayo hayakuwaokoa wengi kwa wakati ule. Dawa ya kufaa haikuwapo. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 malale iliua watu zaidi ya 200,000 katika pwani na visiwa vya Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Kuanzia mwaka 1906, wakati Hesketh Bell alipokuwa akiongoza utawala wa kikoloni nchini, wakaazi waliosalia walihamishwa kutoka ukingoni mwa ziwa ili watengwe na mbung'o. Watu waliacha mashamba, mitumbwi na makaburi ya wazee wao. Jina la ugonjwa likabaki katika lugha, na vijiji vikabaki vichaka.

Kosa la pili la Cook lilikuwa zito zaidi. Mwaka 1908 kanali wa jeshi la Uingereza aliyeitwa Lambkin alitangaza kwamba sehemu kubwa sana ya watu wa Buganda walikuwa na kaswende. Cook, ambaye alikuwa ameona vidonda vingi katika hospitali yake, alikubaliana naye. Wataalamu wa baadaye waliyachunguza upya madai hayo, wakaona kwamba yalitiwa chumvi. Vidonda vingi vilikuwa vya buba, ugonjwa unaofanana na kaswende kwa dalili lakini hauenezwi kwa zinaa. Huambukizwa kwa kugusana ngozi, na watoto ndio huupata zaidi. Kwa kuchanganya maradhi mawili chini ya jina moja, matabibu walilibebesha taifa zima aibu isiyokuwa yake, na serikali ikaanzisha uchunguzi wa lazima uliowavunjia watu heshima. Tunawaomba walimu walitafakari jambo hili. Jina baya likishatolewa na mwenye cheo, kulifuta ni kazi ya vizazi. Ndivyo ilivyo pia darasani, mwanafunzi anapoitwa mjinga siku ya kwanza.

Pamoja na hayo, yako mambo ambayo Cook aliyafanya na ambayo hatuwezi kuyapuuza. La kwanza ni kuandika. Wagonjwa waliolazwa Mengo waliandikiwa habari zao: dalili, uchunguzi, matibabu na mwisho wao. Majalada hayo yalitunzwa mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1964, Cook akiwa amekwisha kufariki, wataalamu wa Kampala walichapisha uchunguzi wa saratani katika jamii ya Waafrika kuanzia mwaka 1897 hadi 1956, na msingi wa uchunguzi huo ulikuwa majalada ya Mengo. Humo zilipatikana hata habari za watoto wenye uvimbe wa taya, ule ambao Denis Burkitt aliueleza kwa wataalamu wa dunia mwaka 1958. Mwandishi wa majalada hakujua yatakuja kumjibu nani. Aliyaandika tu kwa uangalifu.

La pili ni lugha. Cook aliona mapema kwamba daktari asiyeweza kumwuliza mgonjwa maumivu yako wapi hana tofauti na kipofu. Alijifunza Kiganda, na mwaka 1903 akatoa kitabu cha msamiati na maneno ya utabibu katika lugha hiyo. Baadaye yeye na Katharine walitunga pia kitabu cha ukunga kwa Kiganda, ili anayejifunza kuzalisha asizuiwe na Kiingereza.

La tatu ni kufundisha. Katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, Cook alianza kuwafunza vijana wa Kiafrika utabibu hapo Mengo. Vita vilipokwisha, Katharine aliongoza mafunzo ya wakunga, na wakunga hao wakapelekwa kwenye vituo vya uzazi vijijini. Mwaka 1924 mafunzo ya udaktari yalianza Makerere, yakishirikiana na hospitali ya Mulago, na njia ilikuwa imekwisha kusafishwa.

Mwaka 1932 Cook alipewa cheo cha heshima na mfalme wa Uingereza, na miaka miwili baadaye akastaafu. Hakurudi kwao, alikaa katika kilima cha Makindye. Katharine alifariki mwaka 1938, naye Albert akafuata mwaka 1951, mjini Kampala. Maktaba ya utabibu ya Makerere imepewa jina lake, na majalada ya Mengo yamehifadhiwa humo. Leo mchukuzi wa Kikuubo akiteguka kiuno, au mkewe akishikwa na uchungu, kilima kilekile bado ki karibu.

Mazoezi

1. Katika aya ya tano, orodhesha vitenzi vyote vyenye kiambishi -ka-. Eleza kwa nini haifai kukitumia kiambishi hicho katika kitenzi cha kwanza cha masimulizi.

2. Linganisha matumizi ya hu- katika aya ya kwanza na ya -li- katika aya ya pili. Ni maana gani ingepotea kama tungevibadilishana?

3. Aya ya sita ina vitenzi kadhaa vya kauli ya kutendwa. Vitaje, kisha ueleze ni mtenda yupi ametajwa na yupi amefichwa. Je, wasifu unaweza kumfichia mtu lawama kwa kauli hii?

4. Andika wasifu wa maneno 300 wa marehemu aliyefanya kazi ya afya au elimu katika sehemu yako. Usitumie usemi halisi. Taja angalau kosa lake moja, kwa haki na bila kumdhalilisha.